Wanaokula ni Akina Nani

Elifuraha alikuwa ameshavuka mfereji na kushika njia ya kuteremka kati ya migomba, lakini mawaidha bado yalimganda kama kupe. Mama yake, Winfrida, alisimama ukingoni akiinua sauti.

"Mwanangu, usipoelewa jambo uliza."

Mjomba wake Ebenezeri, aliyekuwa akimsindikiza hadi barabarani, alingoja dada yake amalize, kisha akanong'ona.

"Usimsikilize. Mwajiri akikusikia unauliza anajua hujui. Nani huajiri asiyejua?"

"Sasa nishike lipi, mjomba?"

"Onekana unajua, basi. Ukikosa, Jumatatu unakuja kwangu Chekereni tulime mpunga."

Huko Chekereni watu huenda kwa msimu mmoja wakazeekea. Elifuraha hakuwa mvivu wa jembe, ila alitaka jiko. Tangu siku ya kipaimara cha mdogo wake, alipopikia ukumbi mzima na watu wakakwangua hadi ukoko, hakutamani kazi nyingine. Migahawa miwili ya mjini ilikuwa imeshamkataa. Nafasi hii ya leo ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Alifika Moshi kichwa kikivuma kama mzinga wa nyuki. Nyumba ya wageni ya Mama Justina ilikuwa upande wa hospitali ya Mawenzi, na jikoni wafanyakazi walikuwa wakisemezana Kirombo, ambacho yeye Mmachame hakuambulia hata neno. Walicheka. Hakujua kama wanamcheka yeye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umewahi kupika wapi?"

"Kwenye kipaimara."

"Kipaimara si kazi, ni sherehe," alisema Mama Justina. "Haya. Ndizi hizo, nyama hiyo, maharage yamechemka yako pale. Wageni wanakula saa saba. Nataka mtu mmoja, nanyi mko wawili. Pikeni niwaone."

Mwenzake aliitwa Shedrack, kijana mwepesi wa mikono. Kabla mama hajageuka, alikuwa ameshakata nyama na kubandika sufuria. Elifuraha alishika ndizi, akaigeuza, akairudisha. Kwao ndizi si chakula kimoja. Mzazi aliyejifungua hupikiwa mtori laini. Mwanamume aliyetoka kupasua kuni hutaka ndizi nyama za kushiba. Kuna na kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage. Hapa hospitali ilikuwa jirani, na barabara kuu nayo ilikuwa jirani. Je, wageni hawa walikuwa wagonjwa au madereva? Akiuliza, mjomba amesema atafukuzwa. Asipouliza, atapika nini?

"Mangi, ndizi haziivi kwa kutazamwa," Shedrack alimtania kwa cheo cha machifu wa Kichaga.

Mama Justina naye alirudi. "Unangoja zijimenye?"

Elifuraha alimgeukia. "Samahani, mama. Wanaokula ni akina nani?"

Wafanyakazi waligeuka kumtazama.

"Wageni ni wageni," alijibu mama kwa ukali. "Wana midomo."

Elifuraha alijiona ameshafika Chekereni, maji ya mpunga magotini. Lakini kwa kuwa alikuwa ameshaharibu, aliona heri aharibu mpaka mwisho. "Ni wagonjwa, mama, au ni wasafiri?"

Mama Justina aliitafuta simu mfukoni. Oda aliipokea kwa simu kutoka kwa dereva, naye hakuwa ameuliza. Akatoka kumpigia. Aliporudi, alikuwa ameshika kiuno.

"Ni masista kutoka Mkuu, kule Rombo. Wamekuja kumwona mwenzao aliyelazwa." Akaitazama sufuria ya Shedrack inavyotokota. "Na leo ni Ijumaa ya Kwaresima. Mimi Mkatoliki, jana nimewakumbusha wanangu nyumbani kwamba leo hatuli nyama, halafu nyama nimeitoa kwa mkono wangu mwenyewe."

"Mama, mimi Mlutheri, ningejuaje?" alisema Shedrack.

"Hukujua. Huyu naye hakujua. Nami sikujua." Mama alimgeukia Elifuraha, bado amekunja uso. "Menya ndizi. Hayo maharage yatatosha?"

Yalitosha. Kiburu kilikuwa mezani masista walipofika.

Masista walikula, wakaenda kumwona mwenzao, na baadaye wakarudi naye Mkuu akiwa mzima. Ile nyama waliila madereva waliopita jioni. Shedrack alipata kazi kwenye hoteli karibu na stendi, na yuko huko hadi leo. Mzee Ebenezeri alimchukua kijana mwingine wa kulima naye mpunga, na bado husema mpwa wake ana maneno mengi. Winfrida yuko kwake mlimani na ng'ombe wake. Mama Justina anaendelea kutoa maagizo nusu nusu. Elifuraha humuuliza nusu iliyobaki, mama hukasirika, kisha humjibu. Ndiye mpishi wake mkuu sasa. Kuuliza si ujinga.