Fisi Aliyetaka Kula Kifaransa

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa njaa na akili.
Nani mkubwa?
Njaa.
Nani mshindi?
Tega sikio, tutaambiwa.

Hapo kale palikuwa na chura, mama mtu mzima, akiitwa Bi Kidawa. Alikaa na wanawe, viluwiluwi wasiohesabika, katika bwawa chini ya kilima. Ng'ambo ya bwawa, pangoni, alikaa Fisi, jina lake Marara. Marara alikuwa na nguvu, na alikuwa na tumbo, na kati ya hayo mawili tumbo ndilo lililoamrisha.

Mwaka ule Mbayuwayu aliporudi kutoka Ulaya, alitua kwenye matete akawahadithia wanyama habari za Ufaransa. Kule, alisema, meza huvishwa kitambaa cheupe kama bibi harusi. Mkate wao ni mrefu kama mkono. Watu wakikutana hubusiana shavu hili na shavu lile, na mtu akitaka kupita husema pardoni. Chakula hakiliwi kwa pupa. Huja kidogo kidogo, na katikati watu huzungumza. Wanyama wakastaajabu. Kisha Mbayuwayu, bila nia mbaya, akaongeza kwamba Wafaransa hula miguu ya vyura, na huiona tamu sana.

Bi Kidawa alikuwa amejibanza chini ya jani la yungiyungi. Alitamani ndege yule aumeze ulimi wake. Alipotazama ng'ambo alimwona Marara ameacha mdomo wazi, ute unamdondoka, do, do, do.

Tangu siku ile Marara akawa hana raha. Kwenda Ufaransa hawezi: mabawa hana, kuogelea hajui. Akasema moyoni kwamba kama yeye hawezi kuhamia Ufaransa, basi Ufaransa itahamia kwake. Na kwa kuwa tumbo ndilo lililoamrisha, hakuanza na kitambaa wala mkate. Alianza na chura.

Asubuhi moja Bi Kidawa alikuwa akiota jua juu ya jiwe. Mara, pu! Guu zito limemkalia mgongoni. Akawafikiria wanawe. Marara akimla yeye na kumwona mtamu, kesho atarudi kwa nani? Kulia hakungefaa kitu, maana kwa fisi kilio cha mtu ni kachumbari. Basi akauliza kwa sauti ya mtu asiye na haraka:

"Bwana Marara, unanila Kifaransa, au unanila kifisi?"

Marara akasita. "Kwani kuna tofauti?"

"Kwa tumbo hakuna. Kwa watu ipo. Kula chura matopeni, umesimama, hata korongo anaweza. Mfaransa hali chura bila meza."

Marara akaona haya. Akambeba mpaka pangoni, akamfunika kwa chungu, akaweka jiwe juu yake, akatoka mbio, pata-pata, pata-pata. Akarudi na ubao mpana, akauegesha juu ya mawe. Akainua chungu kidogo.

"Meza ipo. Sasa nile?"

"Meza ni nzuri. Lakini Mfaransa hali chura bila kitambaa."

Marara akatoka mbio, pata-pata, pata-pata. Akaanua shuka jeupe kwenye kamba ya watu kule kijijini, akanyakua na kikapu chao cha mchunga na mhogo, akarudi anahema.

"Kitambaa kipo. Sasa nile?"

"Kitambaa ni kizuri. Lakini Mfaransa hali chura penye uvundo."

Marara akaitazama mifupa yake. Ilimuuma, maana kila mfupa alikuwa akiujua kwa utamu wake. Hata hivyo akaikokota nje, kwaru, kwaru. Akafagia, akatia maua ya asumini kwenye kibuyu. Nungunungu alikuwa akipita, akachungulia, akasifu. Marara akamfuata akambusu shavu hili na shavu lile, akachomwa miiba pande zote mbili. Aliona ndiyo Ufaransa yenyewe hiyo, lazima iume kidogo.

"Nyumba inanukia. Sasa nile?"

Bi Kidawa akajibu kwa sauti tulivu. Akamwambia kwamba sasa wakati umefika, ila chakula cha Kifaransa hakifunikwi; anayefunika chakula mezani huwa anawaonyesha wageni kuwa anawashuku kwa wizi. Marara hakutaka kumshuku mtu. Akamweka juu ya kigae katikati ya meza, akachana kipande cha lile shuka akajifunga shingoni, akaketi akimkodolea macho.

Bi Kidawa akamweleza utaratibu. Kwanza majani. Kisha mkate. Kisha mazungumzo. Nyama ni mwisho. Tena anayeinuka mezani haondoki na chakula mkononi, na akirudi hupiga hodi, hata kama nyumba ni yake, mpaka asikie karibu.

Marara hakuwa amewahi kula jani tangu azaliwe. Akala mchunga, kikapu kizima, huku machozi yanamlengalenga kwa uchungu. Mkate mrefu kama mkono hakuupata. Akala mhogo mbichi, kwa kuwa urefu ulilingana. Baada ya hapo Bi Kidawa akamuuliza habari za mama yake. Marara akaanza kujibu vizuri tu, kisha akajishika tumbo. Tumboni kulikuwa na mngurumo, ngururu, ngururu.

Jasho likamtoka. Akatazama mlango, akamtazama chura, akanyoosha mkono amchukue. Bi Kidawa akautazama mkono ule kama unavyomtazama mgeni anayejifutia mikono kwenye pazia lako. Mkono ukarudi.

"Pardoni," akasema Marara, akatoka mbio kuelekea vichakani.

Bi Kidawa hakungoja. Ruka, tua. Ruka, tua. Akashuka mezani, akapita mlangoni, akapenya nyasini, chubwi! bwawani. Wanawe wakamzunguka wakimuuliza alikokuwa. Kisha akawapeleka kwenye kina, mahali ambapo asiyejua kuogelea hafiki.

Marara akarudi, akajipangusa, akarekebisha kitambaa shingoni, akasimama mlangoni pake.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi humo ndani."

Kimya. Ngiri mmoja akapita akamuuliza kwa nini haingii nyumbani kwake mwenyewe. Marara akamjibu polepole kwamba huo ulikuwa ushamba wa zamani. Siku hizi, pale kwake, watu hawavamii meza. Akabisha mpaka jua likapinda. Akabisha mpaka jua likazama. Na kutoka bwawani vyura wakaanza kuimba, koro, koro, koro.

Hapa ndipo hadithi yangu ilipotua. Ikiwakolea, gawaneni, isipowakolea, nirudishieni niitie chumvi.

Na funzo lake wazee walikwishalisema: mvumilivu hula mbivu. Katika pori lile lote hakuna aliyevumilia kama Marara. Basi ninyi mnaovamia sinia kabla ya kunawa, igeni mfano wake. Mbivu yake iko bwawani, inaimba.