Kiboko na Asilimia Tisini na Tisa

"Niseme nisiseme?"
"Sema!"
"Masikio mmeyaweka wapi?"
"Kwako!"

Basi kaeni vizuri, maana kisa hiki si cha kuchekea sana.

Palikuwa na ukame, na katika ukame ule likabaki bwawa moja tu. Bwawa lilizungushiwa miiba, na penye njia palikuwa na lango la chuma lililofunguliwa na kompyuta. Kompyuta ilikaa juu ya jabali kavu. Ndani yake mlikuwa na orodha ya zamu: leo anakunywa huyu, kesho yule. Karani wake alikuwa Bi Pimbi, mwili mdogo usiojaza kikapu.

Mkuu wa bwawa alikuwa Kiboko. Siku moja akasikia kuna mfumo mpya wa kompyuta usiohitaji orodha. Unamtambua mwenye bwawa kwa sura, na kwa sura yake tu lango linafunguka. Akamwamuru Bi Pimbi auweke.

Bi Pimbi alielewa maana yake. Lakini alikuwa na watoto wanne, na maji yao yalikuwa mikononi mwa Kiboko. Akabonyeza.

Kompyuta ikakoroma kruu, kruu, kruu. Ikazima. Ikawaka. Ikaandika: Nafasi haitoshi.

"Futa majina," akasema Kiboko, amejilaza majini palepale langoni.

Akafuta jina la Kanga. Kruu, kruu, kruu. Ikazima, ikawaka: Nafasi haitoshi. Akafuta jina la Ngiri. Kruu, kruu, kruu. Nafasi haitoshi. Siku ya tatu akaambiwa afute jina la Digidigi, shoga yake tangu utotoni. Akafuta.

Digidigi akaja siku ya zamu yake, lango halikumfungukia. Akasimama pale kutwa bila kulalamika. Kesho yake wakamkuta amelala ubavu, pua yake katikati ya vyuma. Bi Pimbi akamfunika kwa majani makavu, akaitwa kazini.

Safari hii nafasi ilitosha. Namba zikapanda mpaka asilimia tisini na tisa, zikakwama.

Bi Pimbi aliwahi kuona kompyuta ile ikikwama hapo siku nzima, hata siku tatu. Tena alijua jambo ambalo Kiboko hakulijua: mfumo ukiwa unawekwa, lango halina wa kulishika, hata mtoto angelisukuma. Kilicholiziba ni mwili wa Kiboko tu.

Akamwendea. "Mkuu, umebaki uso wako. Njoo ukae mbele ya kompyuta, usiondoke mpaka imalize."

"Muda gani?"

"Imebaki moja tu. Lakini usilowe. Ukilowa sura inabadilika, tutaanza upya."

Kiboko akapanda jabalini, akakaa. Jua likampiga. Akauliza, bado? Bi Pimbi akajibu, imebaki moja. Ngozi ikatoka jasho jekundu, ikaanza kupasuka kama tope la mtoni. Bado? Imebaki moja. Nyuma yake akasikia chubwi, chubwi, chubwi.

"Ni nini hicho?"

"Mafaili yanashuka, Mkuu."

Walikuwa Kanga, na Ngiri, na watoto wanne wa Pimbi.

Siku ya pili Kiboko angeweza kuondoka. Bi Pimbi aliiona miguu yake ikijaribu kuinuka. Lakini Kiboko aliitazama ile namba, akaona amebakiza moja, akakaa. Siku ya tatu hakuuliza tena.

Adhuhuri kompyuta ikalia ting. Ikaandika: Mfumo uko tayari. Karibu, Mkuu. Lango likajifunga, kacha. Kompyuta ikamtafuta mwenye bwawa, ikamwona amekaa mbele yake, macho wazi. Lango likafunguka.

Wanyama wakataka kumzika. Bi Pimbi akawakataza, akasema asiguswe hata unywele. Basi Kiboko amekaa palepale jabalini, wanyama wanapita mbele yake kwa adabu wakienda kunywa. Bi Pimbi anashinda na tawi la majani, akiufukuzia nzi ule uso. Kila asubuhi anautazama umebaki kiasi gani.

Kisa nimekitua hapa, mwenye mabega akibebe. Na funzo lake, wanangu, ni hili: waheshimuni wakubwa wenu, kwani bila wao hatungepata hata maji ya kunywa.