Joho la Mrumi

Wapendwa, tukisikia "Warumi wa kale" tunawaza watu wa kofia za chuma na mikuki. Thubutu! Walikuwa watu kama sisi tu. Hebu niwape kisa cha mmoja wao.

Alikuwa mwoka mikate, mtu wa heshima zake, ila hasira zilikuwa karibu. Siku moja akaenda kuoga kwenye hamamu ya mji, penye chemchemi ya maji moto, akatundika joho lake ukutani. Kutoka, joho hakuna. Lo! Akasema moyoni, ni yule jirani tu, anayenionea kijicho.

Kwao palikuwa na desturi. Ukiibiwa, unaandika laana kwenye kibati chembamba, unakikunja, unakitupa chemchemini kwa mungu wao wa kike, naye amshughulikie mwizi. Basi mwoka mikate akaandika: "Aliyechukua joho langu, awe nani awe, mikono yake ikauke asishike tena kijiko." Chubwi! Akarudi nyumbani roho kwatu.

Akamkuta mkewe kakaa mlangoni, joho mapajani, sindano mkononi.

"Mume wangu, nilipita hamamu nikaona bega limechanika. Kesho harusi ya mdogo wako, uende hivyo watu wakucheke? Nikamwomba mlinzi anipe. Kwani hakukwambia?"

Jamani! Akaitazama ile mikono iliyompikia miaka ishirini. Laana yake alikuwa akiiamini, mnanielewa? Hofu ikamshika, akatoka mbio mpaka chemchemini.

"Mzee, nakuomba, nirudishie kibati changu!"

Mtunza chemchemi akatikisa kichwa. "Bwana, sisi hapa tunapokea. Haturudishi."

Mnamcheka? Haya. Jana nimefungua kisanduku chetu cha maombi, kile cha pale mlangoni. Karatasi kumi na tisa. Wanaoomba uponyaji, watatu. Waliobaki je? "Bwana, mpige aliyeniloga." "Mwangushe aliyechukua nafasi yangu kazini." "Moto juu ya wifi yangu!" Sasa sisi na yule Mrumi tunapishana wapi? Na hiyo mikono tunayoilaani, tuna hakika siyo inayotushonea?

Hizo za laana sikuziombea, na sitaziombea. Zimo bado. Ila kisanduku chetu hakina maji, wapendwa, na nimekiacha wazi. Hatuimbi wimbo wa mwisho mpaka kila mtu amechukua yake. Natangulia mimi, maana moja ni yangu.