Jicho la Kunde

Nyie mnaochambua kunde huku mnasengenya watu, hebu shikeni moja muitazame. Pale kwenye kitovu ina jicho jeusi. Mmezaliwa mkalikuta, ndiyo maana hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuuliza. Zamani halikuwepo. Kunde zilikuwa nyeupe pe, huku na huku, na katika milima yote hii ya Upare alikuwa nazo mtu mmoja tu.

Mtu huyo aliitwa Nambua. Alikuwa mjane asiye na mtoto, akiishi na mama mkwe wake, Nakijwa, bi kizee ambaye macho yake yalikwishaliwa na moshi wa jikoni. Mbegu ile ilikuwa ya Nakijwa. Siku Nambua alipoletwa kuwa mke wa mwanawe, bi kizee alimkabidhi kibuyu cha kunde, akamwonyesha pa kukitundika juu ya meko ili moshi ufukuze wadudu. Mume alikufa, kibuyu kikabaki. Shamba lao lilikuwa kipande tu cha mteremko chini ya nyumba, lakini kila siku ya gulio Nambua aliteremka njia panda na kapu la kunde, akapanda jioni na ndizi, chumvi na kibuyu cha maziwa. Wajane wawili waliishi kwa kapu hilo, wala hawakulala njaa.

Siku moja gulioni, jirani yao Kajiru, aliyekuwa rafiki wa marehemu, alipokea kipimo chake akacheka. "Shemeji, mwakani sikusumbui tena. Nusu napika, nusu napanda."

Alikuwa akitania, na watu wakacheka naye. Nambua naye alicheka, lakini njia nzima ya kurudi aliiwaza kauli ile. Aliona kila mteremko umejaa kunde, na yeye amekaa njia panda na kapu lake, hakuna anayegeuza shingo. Nani atampa chumvi mwanamke ambaye anachouza kila mtu anacho? Tusimcheke. Hofu ya kula ni hofu kweli.

Kuanzia hapo, kila mkesha wa gulio, Nambua alichemsha maji, akayamimina juu ya kunde za kuuza, akazichuja haraka na kuzianika. Jua lilizirudishia ngozi yake. Zililiwa vizuri, tena ziliiva upesi, na watu wakazisifu. Ila ukiifukia ardhini kunde iliyomwagiwa maji ya moto, umeifanyia mazishi tu.

Nakijwa hakuona, lakini alisikia maji yakimwagwa na akanusa mvuke. Alipapasa mkekani, akaokota kunde moja, akaisugua kwa kidole gumba.

"Umeiua," alisema. "Mbegu haina macho, mwanangu. Inakwenda inakopelekwa. Sisi ndio tunaopaswa kuona kwa niaba yake."

"Mama, tutakula nini?"

Bi kizee aliirudisha kunde mkekani. Tangu siku hiyo alikula chakula cha Nambua bila kukisifu, na hilo lilimuuma Nambua kuliko kama angetukanwa.

Majirani walipanda, kama Kajiru alivyosema. Hakikuota kitu. Hawakumshuku mtu, walilaumu ardhi yao, wengine walilaumu mikono ya wake zao, na nyumba moja waligombana hadi mke akarudi kwao. Nambua aliyasikia yote hayo njia panda, akaendelea kupima kunde.

Basi ukaja mwaka ambao mahindi yalikauka yakiwa hayajabeba, na watu wote wakawa wanategemea kunde za Nambua. Gulio likawa karibu, na wanunuzi wengi kuliko siku zote. Nambua alichochea moto mkubwa, akabandika chungu, akaenda mferejini kuongeza maji. Cheche ikarukia nyasi za paa. Aliporudi, Nakijwa alikuwa amekaa uani, uso ameuelekeza kwenye joto, na jiko lote lilikuwa linawaka, pamoja na kunde zote za mwaka ule. Kibuyu cha mbegu kilipasuka kwa mlio, wote wawili wakausikia.

Sasa sikilizeni jambo lililomvunja. Mvua ilipokaribia, majirani walikuja. Kila mmoja alileta konzi ya kunde nyeupe, zile walizonunua kwake na kuzihifadhi ndani kwa ndani, wakiwa na matumaini ya kujaribu tena. Kajiru alizimimina zote katika ungo, akauweka mbele yake.

"Kwetu zinakataa, shemeji. Wewe una mkono. Zipande, tupone sote."

Nambua aliutazama ungo. Hapo ndipo pa kusema, na mdomo haukufunguka. Wakashika majembe wakamlimia, huku wanawake wakiimba. Yeye akapita nyuma yao akidondosha maiti shimo baada ya shimo, akifukia kwa mguu, na watu wakimshukuru. Mama mkwe wake alikuwa kizingitini akisikiliza nyimbo zile, na uso wake Nambua hakuthubutu kuutazama.

Mvua ilinyesha vizuri kabisa. Ikamwagilia udongo mtupu.

Njaa ya mwaka ule siwezi kuieleza mkabaki na hamu ya kula. Watu walichimba mizizi. Kajiru alimzika mkewe, na bado alipita kumuuliza shemeji yake kama chochote kimechomoza. Nakijwa naye akaanza mambo ambayo Nambua aliyaona ni wazimu. Kila asubuhi alitambaa hadi kwenye jiko lililoungua, akachekecha majivu kwa vidole mpaka jua likawa kali. Nambua alimkataza, kisha akachoka kumkataza. Mchana alipika majani, nao wakala.

Bi kizee alikufa kabla ya vuli. Nambua alipomvua shuka ili amwoshe, alikuta fundo kwenye pindo, limekazwa kwa meno. Alilifungua. Ndani zilikuwamo kunde chache zilizoruka kutoka kibuyuni zikaanguka majivuni siku ya moto. Ziliungua kidogo tu, pale kwenye kitovu. Nakijwa alizisugua moja moja kwa kidole gumba, akajua ziko hai. Alikuwa amelala na njaa huku chakula kimegusa kifua chake, na hakumwambia mkwewe, kwa sababu hakumwamini tena kiasi cha kumpa mbegu.

Nambua alilia hadi sauti ikakauka. Kaburini alisimama mbele ya watu akasema yote, maji ya moto, ungo, kila kitu. Hakuna aliyempiga. Kajiru alichukua jembe lake, akaondoka. Wengine wakamfuata, wakamwacha afukie kaburi peke yake.

Alizipanda zile za kwenye fundo. Zikaota. Maganda yalipokauka akayapasua, na kila kunde iliyotoka ilikuwa na jicho jeusi pale moto ulipogusa, macho yote yamemwelekea yeye. Hakuweza kupika hata moja. Alipita mlango kwa mlango akiziweka vizingitini, konzi hapa, konzi pale, bila kubisha hodi. Watu walizichukua wakazipanda. Salamu hawakumrudishia mpaka alipokufa.

Na tangu siku hiyo kunde ina jicho, na jicho hilo halifumbi, hata chunguni. Ndiyo sababu huku kwetu anayeuza kunde akishajaza kipimo huongeza konzi moja juu yake, ambayo haikuguswa na maji ya moto, na mnunuzi haulizi ni ya nini. Ukiona muuzaji anasita kuiongeza, mwangalie vidole. Anazifunika zisimtazame.