Dramu ya Kibwana na Watu Wake Watatu

Sogeeni. Wa nyuma njooni mbele, wa mbele inamisheni vichwa. Nina watu watatu na dramu moja. Nimejaribu kuigawa peke yangu nikashindwa, na mimi si mtu wa kushindwa peke yangu wakati nyie mpo.

Wa kwanza ni Kidawa, mtengeneza ngozi wa Kilosa. Huyu ana vidole. Najua, hata wewe unavyo, lakini vyako vinajua kijiko tu. Kidawa akipitisha vyake juu ya ngozi kavu, anakuambia mbuzi alikuwa jike au dume, alizaa mara ngapi, na miiba ilimkwaruza ubavu gani.

Wa pili ni Desderi, fundi baiskeli. Huyu ana masikio. Anapindua baiskeli magurudumu juu, anadonoa spoki moja moja kwa ukucha, ting, ting, tong, kisha anasema, "Hii ndiyo mkorofi." Analinyoosha gurudumu kwa kusikiliza tu. Mkewe anasema masikio hayohayo hayajawahi kusikia neno "chota maji."

Wa tatu ni Mzee Ausi. Huyu ana miguu. Alicheza dansi miaka arobaini katika ukumbi wa bendi ya Mkondoa Jazz, na hajui kupiga chombo chochote. Hata mlango anaugonga vibaya. Lakini mdundo ukishapita chini ya nyayo zake, umeandikwa.

Sasa hiyo dramu. Ilikuwa ya marehemu Kibwana, mpigaji wa Mkondoa Jazz: ile dramu ndogo ya mbao inayokaa kati ya magoti na kupapaswa kwa brashi za waya. Enzi zake ilikuwa na sauti yenye joto, kama mtu anayekunong'oneza habari njema huku amekushika mkono. Kibwana alipofariki, kijana aliyemrithi kwenye bendi, Shomvi, akaiwamba ngozi ya plastiki mpya, nene, inayong'aa kama sahani ya harusi. Ikawa na kelele kweli! Ukiipiga, mbwa wa mtaa wa pili wanaomba radhi. Ila ule unong'ono ukaisha.

Mjane wa Kibwana, Bi Mwanvita, alikuwa anahamia Tabora kwa binti yake. Wiki sita kabla ya safari akawaita watu ukumbini.

"Dramu hii siiuzi wala siendi nayo," akasema. "Atakayeirudishia sauti ya mume wangu ataichukua. Mimi sikuwahi kumwona Kibwana akipiga. Nilikuwa jikoni, nyuma ya huo ukuta, nakaanga maandazi ya wageni. Nilimsikia ukutani tu. Basi nitakaa palepale, na nitasikiliza mara moja. Moja! Masikio yangu yakizoea sauti ya uongo, nitaisahau ya kweli, na sitakuwa na kitu tena."

Mmemsikia? Mara moja. Wakimwita mapema wamekwisha.

Kidawa akaanza. Akazunguka machinjioni siku nne. Ngozi ya mbuzi mchanga akaikataa: nyembamba, itapiga mayowe. Ya beberu akaikataa: nene, itanuna. Akapata ya jike mtu mzima, akaiinua kwenye jua akiikagua kama pasipoti. Akaikwangua kwa kisu, akailoweka, akaiwamba juu na chini ya dramu, akaiacha kivulini ikauke taratibu. Jirani akamshauri aianike juani iwahi. "Na wewe nikuanike," akasema Kidawa, "tuone utatoa sauti gani."

Shomvi akakaa, akapapasa kwa brashi. Lo! Joto limerudi! Lakini maneno hayasikiki. Dramu ilikuwa inanong'ona na andazi mdomoni.

Desderi akaja, akaigeuza, akadonoa kwa ukucha. "Dada Kidawa, uso wa juu umefanya kazi ya Mungu. Tatizo ni huu wa chini. Wa juu unaongea, wa chini ndio unaoitikia, na huu wako una usingizi." Akaitoa ngozi ya chini, akaweka mahali pake plastiki nyembamba sana, ya kuonea upande wa pili. Kidawa akasonya hadi popo wakahama darini. Kisha Desderi akashika ufunguo. Hakukaza skrubu kwa kufuata duara. Alikaza hii, akavuka akakaza iliyotazamana nayo, kama anavyonyoosha gurudumu, akidonoa kando ya kila skrubu mpaka zote zikasema kitu kimoja.

Shomvi akapapasa. Sasa ikaongea! Kila brashi ikipita, neno linatoka limevaa nguo. Lakini, ndugu zangu, ukikaza robo mzunguko ni tamu. Ukilegeza robo ni tamu. Zote tamu! Ipi ni ya Kibwana? Desderi alikuja Kilosa Kibwana ameshazikwa. Kidawa enzi hizo alikuwa haruhusiwi kwenda dansi. Shomvi anakumbuka sare za bendi tu. Wakakaa siku mbili wanakaza na kulegeza, na safari ya Bi Mwanvita imebaki siku tatu.

Ndipo Mzee Ausi akaingia na fimbo yake. "Piga," akasema.

"Mzee wangu, na hilo goti?" Kidawa akamuuliza.

"Goti nimelileta la kulia. La kushoto litafuata."

Akavua viatu. Shomvi akapiga, Ausi akatupa mguu. "Nimejikwaa. Imekaza hiyo, shusha." Desderi akalegeza robo. "Sasa nimeteleza. Pandisha, nusu ya hiyo." Akapandisha. "Hapana. Kibwana alikuwa anaiacha skrubu moja imelegea, hiyo inayotazama tumbo lake. Mguu ulikuwa ukishuka, unakuta sakafu inakusubiri."

"Mzee, skrubu moja ikilegea gurudumu linapinda!"

"Basi lipinde, fundi. Mimi siendeshi, nacheza."

Desderi akalegeza huku amefumba macho kama anang'olewa jino. Shomvi akapapasa. Mzee Ausi akapiga hatua, ya pili, ya tatu. Fimbo ikaanguka. Akazunguka ukumbi mzima kwa goti lililokatazwa ngazi na daktari. "Msiguse," akasema, anahema. "Hata inzi asitue hapo. Mwiteni shemeji."

Bi Mwanvita akaingia jikoni, akafunga mlango. Shomvi akapiga. Akaendelea kupiga, jasho linamtiririka. Kidawa anatafuna kanga. Mara, kutoka nyuma ya ukuta, sauti ikaja kwa ukali wa mke:

"Kibwana! Punguza mbwembwe, wageni bado wanakula!"

Kisha akasikika akilia. Wote wakalia, na Shomvi akalia bila kukosa pigo hata moja. Huyo naye ni mpigaji, tumpe haki yake.

Siku ya safari wote wakawa stesheni. Bi Mwanvita ameketi juu ya sanduku, dramu ameipakata.

"Ni yangu," akasema Kidawa. "Joto ni la ngozi, na ngozi niliichagua mimi. Mngewamba plastiki, mngekaza mpaka meno yadondoke. Na ikichanika, nani ataichagua nyingine?"

"Ngozi yako ilikuwa bubu, dada," akasema Desderi. "Mimi ndiye niliyeipa neno. Na mvua ikinyesha, ngozi italegea. Mtakwenda kumwita mbuzi?"

"Nyie watoto," akasema Mzee Ausi, "mlikuwa na sauti mia moja nzuri. Ya Kibwana ilikuwa moja, na ilikuwa imebaki kwenye nyayo hizi. Mimi nina miaka sabini na sita. Dramu isipokaa nyumbani kwangu kila siku kabla sijaondoka, nani atajifunza ipi ilikuwa ya kweli?"

Bi Mwanvita akamgeukia Shomvi. "Na wewe?"

"Mama, mimi ndiye niliyewamba ile sahani ya harusi. Nikidai, nitapigwa mimi badala ya dramu."

Treni ikaingia. Watu wakakimbilia milango, sanduku likapandishwa, Bi Mwanvita akapanda nyuma yake. Akainama dirishani, dramu mikononi, ameitoa nje. Chini yake wamesimama watatu, mikono sita imenyooshwa: yenye kujua ngozi, yenye kujua kukaza, na ile ya mwenye kujua lini inatosha. Filimbi imelia. Magurudumu yameanza kusogea.

Haya, mimi nimeishia hapo. Wewe uliyekuwa unacheka kuliko wote, hebu simama. Jifanye ndiye umekaa dirishani. Treni haikusubiri, na dramu ni moja. Unaiachia mikononi mwa nani?