Matango ya Genowefa na Povu la Mgeni

Kitendawili, wajukuu! Nina mgeni asiye na rangi: akiingia humwoni, akiondoka huacha unga mweupe mlangoni. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mmenipa Krakow? Haya, nimekwenda Krakow, nikala, nikanywa, nikasaza, nikarudi. Mgeni huyo ni maji ya bomba ya mtaa wa Linden, kule pembezoni mwa Chicago wanakoishi Wapolandi wengi.

Maji hayo hutoka visimani, chini kabisa kwenye mwamba wa chokaa, na ni magumu kama moyo wa bahili. Sabuni haitoi povu mpaka uipigie magoti. Birika jipya halimalizi mwezi kabla ya kuvaa koti jeupe kwa ndani. Kila mtu aliyalaani, kisha akayanywa.

Mtaani hapo aliishi mama mmoja, Genowefa, aliyesifika kwa matango ya chumvi kidogo, yale yanayolowekwa siku tatu tu pamoja na kitunguu saumu na majani ya shibiti. Miaka minane mfululizo alishinda kwenye sikukuu ya parokia mwezi wa Agosti. Siku hiyo Padri Ignacy huuma kila tango mbele ya kipaza sauti, umati mzima usikie. Tango la Genowefa hulia kwach! kama kuni kavu, na watu hushangilia mpaka njiwa wa kanisani huruka.

Mwezi wa Julai alipita kijana mmoja wa shati jeupe, nyumba hata nyumba, akiuza mashine ya kulainisha maji. Alitikisa sabuni katika bilauri mbili. Maji ya bomba yakatoa utando wa kijivu. Maji yake yakatoa povu hadi ukingoni.

"Wincenty, umeliona povu hilo?" Genowefa alimwambia mumewe, macho yakimng'aa.

"Nimeliona. Kwani tutakula povu?"

"Wewe kazi yako kupinga tu! Hata kunioa ulifikiria miaka mitatu."

"Na sijajuta hata siku moja. Ndiyo faida ya kufikiri."

Mashine ikanunuliwa, ikafungwa chini ya nyumba. Vyombo viling'aa, nywele za Genowefa zikawa laini kama hariri, naye kichwa kikavimba. Jumapili moja baada ya Misa, jirani yake Bogumiła, ambaye kwa miaka yote minane alikuwa wa pili, alimchokoza, akimwita kwa jina la mkato.

"Genia, mwaka huu meno ya padri yatalia kwangu."

"Shoga, nafasi ya pili umeizoea, utaugua ukiiacha."

"Kama hujiamini, sema."

"Mimi? Nikishindwa, chukua mtungi wa mama yangu!"

Neno likishatoka halirudi. Mtungi huo mama yake aliupakata melini njia nzima kutoka milimani kwao Polandi, na ndio kitu pekee cha marehemu kilichobaki. Wincenty alifumba macho.

"Nami nikishindwa," Bogumiła akajibu upesi, "nitakuoshea vyombo siku ya sherehe ya jina la mtakatifu wako, mbele ya wageni wako wote!"

Jumatatu ya wiki ya sikukuu, Genowefa aliloweka matango machache ya majaribio, kama desturi. Alhamisi asubuhi akaonja moja. Nyap. Lilikuwa limelegea kama soksi iliyolowa. Akauma la pili. Nyap.

Wincenty aliweka kikombe chake mezani. "Umebadilisha nini mwaka huu?"

"Sijabadilisha kitu!"

"Genia. Umebadilisha nini?"

"Nenda kakate nyasi!"

Akabaki peke yake jikoni, akihesabu kwa vidole. Matango, ya mkulima yuleyule. Chumvi, ileile ya mawe. Shibiti, ya bustanini kwake. Mara, chini ya nyumba, ile mashine ikakoroma na kububujika ikijisuuza. Genowefa aliganda, mwiko mkononi. Kisha akakurupuka kama aliyekanyaga kaa la moto, akabeba ndoo mbili mbio hadi kwenye bomba la nje. Bomba hilo fundi hakuliunganisha na mashine, maana nani alainishie nyasi maji? Mdomo wa bomba hilo bado ulikuwa na ukoko mweupe. Wincenty alizima mashine yake ya kukatia nyasi, akamtazama, akamfungulia mlango wa jikoni. Matango yaliyobaki kwenye friji yakaingia mtungini saa hiyohiyo. Siku tatu, si zaidi!

Jumapili mabakuli kumi yalipangwa, yana namba bila majina. Padri akauma la kwanza. Nyap. La pili. Nyap. La tatu, kimya.

"Hicho kipaza sauti kimekufa!" mtu akapaza sauti.

Padri akakigonga: du! du! Kilikuwa kizima kabisa. Akaendelea: nyap, nyap, nyap. Tango la Bogumiła lilikuwa la nane, nalo likanywea kama wenzake. Kumbe kijana wa shati jeupe hakuruka hata nyumba moja! Genowefa aliushika mkono wa shati la mumewe mpaka kifungo kikang'oka. Padri akainua la tisa.

KWACH!

Spika zikapiga mbinja. Mtoto mchanga akaamka akilia. Watu wakapanda juu ya mabenchi, kofia zikarushwa hewani, na la kumi likaumwa bila hata mtu mmoja kulisikiliza.

Bogumiła alikuja mwekundu kama kiazisukari, akamkumbatia. "Vyombo nitaosha, shoga, tena vyote. Lakini niambie! Mimi langu nililionja jana, nikalia machozi."

"Siri ni nini, Mama Genia?" wengine wakamzunguka.

Wincenty alitabasamu chini ya masharubu yake. "Mimi niliuliza kabla yenu. Umebadilisha nini mwaka huu?"

Genowefa aliubusu mtungi wa mama yake, akacheka huku akifuta machozi.

"Maji, mzee wangu! Chokaa yake ndiyo hulikaza tango! Maji yetu magumu yaliyotulea miaka arobaini, nikayaachia nyasi kwa ajili ya povu la mpita njia. Nisikieni nyote mlionunua povu: usiache mbachao kwa msala upitao!"