Jina Moja la Bawabu wa Sarandu

Sogeeni, nafasi ipo. Nikopesheni masikio yenu kidogo, nitawarudishia yakiwa na mzigo. Hadithi yangu ina watu watatu waliofanya kazi moja, ina zawadi moja isiyogawanyika, na ina mwamuzi mmoja asiyefaa kuamua. Mwamuzi huyo ni mimi, Zuwena, kwa hiyo msinitazame hivyo kabla sijaanza.

Shija alijaliwa subira. Huyu ni mtu wa kungoja maji ya bomba siku nzima bila kuuliza yanatoka lini.

Sikujua, fundi cherehani, alijaliwa jicho. Akikupita barabarani anajua pindo lako limeshonwa mara ngapi na aliyekushonea alikuwa na haraka gani.

Maganga, karani mstaafu wa Mahakama ya Mwanzo, alijaliwa sikio. Miaka thelathini aliandika maneno ya mashahidi, na uongo akausikia katika kila sauti ambayo Mungu ameiumba.

Mimi sikujaliwa kitu. Nilikuwa na banda la gemu karibu na stesheni ya Tabora, TV nne, mabenchi ya mbao, na mdomo wa kuwanyamazisha wateja.

Sasa ilikuwepo gemu moja ikiitwa Ngome ya Sarandu. Nasema moja, lakini zilikuwa tisa, zilitoka kwa zamu kwa zaidi ya miaka ishirini, na waliozitunga huko ng'ambo hawakuzitoa kwa mpangilio. Mfalme anazikwa katika ya kwanza, halafu katika ya nne ndiyo kwanza anakatwa kitovu. Ngome inateketea katika ya sita, lakini katika ya tatu imesimama na mapazia yake. Na bandani kwangu hakuna aliyecheza kuanzia mwanzo. Mtu analipia nusu saa, anaendelea pale alipoishia mwenzake, muda ukiisha anainuka na kuacha pedi ya kuchezea ikiwa ya moto. Kila mteja alikuwa na kipande chake, akaapa kwamba hicho ndicho mwanzo. Nimewaona watu wazima, wenye ndevu na watoto, wakikunjana mashati kwa sababu ya nani ni babu wa nani huko Sarandu.

Mwaka huu watunzi wakatangaza kwamba gemu ya kumi inakuja, na ndiyo ya mwisho. Wakasema atakayezipanga hadithi zote tisa kwa mfuatano wake wa kweli, na kuleta ushahidi, jina lake litapewa bawabu wa lango la mwisho. Kila atakayecheza, awe Japani au Namanyere, itabidi amsalimu bawabu huyo kwa jina ndipo apite. Liwe jina moja, la mtu mmoja aliye hai. Msiniulize kuhusu kuunganisha majina, tuliwauliza, wakakataa.

Basi sikilizeni alichofanya kila mmoja.

Shija alianza zamani, alipokuwa kijana mpakia mizigo pale stesheni. Kwa miaka mitatu, kila Jumamosi, alikaa kwenye TV ya pembeni na kucheza Sarandu peke yake, kuanzia ya kwanza mpaka ya nane, bila kuruka kichochoro. Wenzake walikimbilia vita na mazimwi. Yeye alisimama kuongea na wapishi, walinzi na vibibi vya sokoni, na kila walichosema alikinakili kwenye daftari. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza hakukijua, kwa hiyo alinakili herufi moja moja. Nilimcheka. Nikamwambia, "Shija, mitihani ni lini?" Akatabasamu tu. Vita vya Sarandu leo utavikuta kwenye video za simu, lakini maneno ya wale wapishi hakuna duniani aliyehangaika kuyarekodi. Yapo kwenye daftari lake tu.

Sikujua aliingia katika jambo hili kwa bahati. Alikuja kupima pazia la mlango wangu, akakuta nimeweka video za Sarandu, akasimama na futi yake mkononi. Akauliza, "We Zuwena, mbona hilo joho wanalivaa watu tofauti?" Nikamwambia ni majoho tofauti, kila bawabu ana lake. "Acha wee," akasema. "Hilo ni joho moja. Tazama bega la kushoto." Katika gemu ya saba bega ni zima. Katika ya pili lina kiraka. Katika ya tano kiraka kimeshonewa kiraka kingine, na uzi ni mwekundu. Joho lilikuwa linarithiwa! Alikaa siku nne akifuatisha pindo, madoa na vifungo, na alipomaliza gemu saba kati ya tisa zilikuwa zimekaa kwenye mstari. Wasomi wa gemu hii dunia nzima walikuwa wakibishana kuhusu nyota na unabii, naye akazipanga kwa sindano.

Maganga tulimwita kwa sababu ya zile mbili zilizobaki, ya tatu na ya sita. Ya sita inasema Malkia Ilmara aliichoma ngome mwenyewe. Ya tatu inamwonyesha mjukuu wake, mtu mzima, akila chakula ndani ya ngome hiyohiyo. Karani akavaa miwani, akaomba daftari la Shija, akasoma maneno yote ya askari mzee anayesimulia ile ya sita. Alisoma mara mbili. Kisha akasema, "Mwanangu, huyu shahidi ni mwongo."

"Kwa vipi, Karani?" nikamuuliza.

"Ukurasa huu anaapa hakuwahi kuingia chumba cha malkia. Ukurasa huu mwingine anataja rangi ya pazia lililokuwa ndani. Nimewasikia hawa mia na zaidi. Ngome haikuungua kamwe. Hii ya sita yote si tukio, ni ushahidi wa uongo uliotolewa mbele ya lile baraza la hukumu linaloketi katika gemu ya nane."

Tukaiingiza ya sita tumboni mwa ya nane, na ya tatu ikapata mahali pake bila kusukumwa. Tulipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Hapo mnaona kazi imegawanyika sawa. Bila daftari, Karani asingekuwa na shahidi wa kumbana. Bila joho, tungekuwa na vipande tisa vinavyoelea. Bila uongo kufichuliwa, mstari ungekatika katikati. Kama hadithi ingeishia hapa ningewauliza nani apewe jina, mngebishana kidogo, na mimi ningelala vizuri.

Lakini kuna jambo Shija hajui.

Miaka kumi na moja iliyopita alikuwa amemaliza gemu nane, ameanza ya tisa, na amebakiza kikao kimoja. Safari yake yote ilikuwa imehifadhiwa kwenye memori moja, kadi ndogo aliyoibandika plasta na kuandika kwa kalamu: SHIJA, USIGUSE. Ijumaa ya kuamkia kikao hicho, ligi ya gemu ya mpira ya mtaa wetu ilianzia bandani kwangu. Wanaume kumi na wawili walisimama nyuma ya benchi wakipiga kelele, na memori nyingine ilikuwa imejaa. Walitaka pa kusevu ligi yao. Nikachukua ya Shija. Plasta niliiona, na jina nililisoma. Nikajisemea, huyu mpole, hatasema kitu. Mashine iliniuliza kama nataka kufuta, nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena kama nina uhakika, nikabonyeza ndiyo. Nilifanya hivyo mara nane, kwa sababu gemu zilikuwa nane, kisha nikafuta na ya tisa.

Jumamosi alikuja, amenyoa, amevaa shati safi. Nikamwambia umeme ulikatika ghafla, ukala memori. Alitazama ile TV. Akasema, "Basi, Dada Zuwena. Umeme hauna adabu." Akaliacha daftari kaunta, akaondoka, na hakucheza tena gemu yoyote mpaka leo.

Ningefurahi angenitukana. Badala yake amekuwa mtu wa kunifaa. Sasa ni fundi karakana ya reli, ana mke na mabinti wawili. Mlango wangu ulipong'oka alinitengenezea bawaba. Nilipougua alinipeleka hospitali kwa baiskeli, njia nzima anasukuma, na kila nikikutana naye ni "Shikamoo, Dada," kwa mikono miwili. Kila shikamoo yake inanichoma. Nimejaribu kumwambia mara nyingi. Mara moja nilimfuata mpaka getini kwake, mkewe akanikaribisha uji, nikanywa, nikaaga.

Nilidhani nimeshazoea hatia hiyo. Kisha likaja jibu la watunzi kwa mpangilio tuliowatumia.

Walituandikia kwamba mpangilio wetu ni sahihi, kuanzia hadithi ya kwanza hadi ya tisa. Sikujua akapiga vigelegele. Karani akavua miwani akaifuta. Shija, aliyekuwa ameshika simu, akatuomba tusubiri, barua ilikuwa haijaisha, akampa Karani atafsiri. Nao walisema hivi: mfuatano huu tuliuficha wenyewe nyuma ya mlango ndani ya gemu ya tisa. Mlango huo unafunguka kwa mchezaji mwenye safari zote nane zilizokamilika, kila kichochoro, kwenye memori moja. Hadi leo hatuna habari ya mtu yeyote aliyewahi kuufungua. Mmetushangaza kufika bila kupita mlangoni.

Shija alicheka kwanza. "Nilikuwa nazo! Dada Zuwena, unakumbuka? Zote nane! Ningekuwa mtu wa kwanza duniani." Halafu kicheko kikapungua. "Umeme huu," akasema, akapokea simu kutoka kwa Karani.

Nilikwenda nyuma ya banda nikajifanya natafuta ndoo.

Niliporudi walikuwa wanazungumza habari ya jina, kwa upole, kama watu wanaoachiana kipande cha mwisho cha nyama.

Sikujua akasema, "Wanawake wa mtaa mzima wanaitwa mama fulani. Mimi sina mtoto wa kuitwa kwa jina lake, naitwa fundi. Ningependa mahali pamoja tu, hata kwenye gemu, mtu akinihitaji aniite jina langu."

Karani akasema, "Mimi nimeandika majina ya wadai na wadaiwa maisha yangu yote. La kwangu lilikaa chini ya ukurasa, herufi ndogo, na faili likafungwa. Sitaki makuu. Lakini nikiulizwa kama nalitaka, nitasema uongo nikijibu hapana."

Shija akasema, "Mimi nilitaka kufika lango la mwisho. Sikufika. Jina langu likifika, itatosha."

Kila mmoja aliwaona wenzake wana haki, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuivuta kwake. Sikujua akasema tupige kura, lakini kura za watu watatu wanaopendana hazimalizi kitu.

Ndipo Shija akasema, "Aamue Dada Zuwena. Yeye hana upande. Na tangu nimfahamu, hajawahi kunificha jambo."

Wengine wawili wakaitikia palepale, wakafurahi hata, mzigo umewatoka. Wamenipa mpaka Ijumaa.

Sasa nisikilizeni, maana nimeigeuza hii kila upande. Nikiliandika jina la Shija, je, nimempa stahili yake, au nimesafisha mikono yangu kwa maji ya Sikujua na Karani? Wao hawakumfuta mtu kitu. Walifanya kazi yao kwa haki, na wanaliona jina lile kwa hamu ileile.

Nikiliandika la mmoja wao, nitakuwa nimemfungia Shija lango hilohilo mara ya pili, na safari hii hata umeme wa kusingizia sina.

Mtasema, basi tubu kwanza, Zuwena, uamue baadaye. Rahisi kwenu kusema. Nikitubu mbele yao, namjua Sikujua, atajitoa kwa huruma kabla sijamaliza sentensi, na Karani atafuata. Jina litakwenda kwa Shija kwa sababu ya dhambi yangu, na si kwa sababu ya kazi yake, na wale wawili watakuwa wamelipa kosa ambalo si lao. Nikinyamaza mpaka baada ya kuandika, nitakuwa nimewaamulia nikiwa nimevaa uso wa mtu msafi.

Na lipo moja linalonikosesha usingizi zaidi. Kama nisingebonyeza ndiyo siku ile, Shija angeufungua mlango Jumamosi peke yake, na joho lisingehitaji jicho, wala askari mwongo asingehitaji sikio. Kazi nzuri ya wale wawili imepatikana kwa sababu ya ubaya wangu. Je, kwa hilo stahili yao inapungua hata chembe? Moyo mmoja unaniambia ndiyo, mwingine unaniambia hapana, na yote miwili ni ya mtu mwenye kosa, siiamini.

Leo asubuhi tumeifungua fomu pale mezani. Kisanduku cha jina ni cheupe, kimeandikwa chini yake kwamba kikijazwa hakibadilishwi. Shija alinivutia kiti, akakifuta vumbi kwa mkono wake, akasema, "Kaa, Dada, usiharakishe."

Sikukaa. Nimekuja kwenu, kwa sababu nyie hamjanipikia uji na sijawafuta kitu. Haya, wewe uliyekaa mbele, na wewe wa nyuma unayetikisa kichwa: kiti kile ungekikalia? Ungeandika jina la nani? Na Shija akiwa amesimama nyuma yako, kinywa chako ungekifungua kabla ya kuandika, au baada?